Kung'aa Si Kuchubuka: Matunzo ya Uso Uliofifia na Wenye Madoa

Mtu anapomwambia mtoa huduma za afya kwamba uso wake umefifia, umekuwa na rangi mbilimbili au umejaa madoa, mara nyingi maneno yake hupokewa kama jambo la urembo tu. Foleni ni ndefu, kuna mtoto mwenye homa na mzee mwenye shinikizo la damu, na madoa hayaui. Mgonjwa hupewa jibu fupi, huondoka, na njiani hupitia dukani. Huko husikilizwa. Huulizwa anataka matokeo baada ya siku ngapi, kisha huchanganyiwa krimu mbili tatu ndani ya kopo moja lisilo na lebo. Hapo ndipo tatizo lililokuwa la ngozi peke yake linapoweza kugeuka kuwa tatizo la figo, la shinikizo la damu au la macho.

Hatari hiyo si mpya katika Afrika Mashariki. Mwaka 1972 jarida moja la kitabibu la Uingereza lilichapisha uchunguzi wa watu wazima 60 wa Nairobi waliougua ugonjwa wa figo unaozifanya zivujishe protini kwenye mkojo na kuufanya mwili uvimbe. Zaidi ya nusu yao walikuwa wakitumia krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki, na baadhi yao walipata nafuu baada ya kuziacha. Chanzo cha maradhi yao kilikuwa kikipakwa usoni kila siku mbele ya kioo.

Uso uliofifia una sababu, na sababu hiyo ndiyo inayotibiwa. Anayeijua sababu hupata uso wenye afya na rangi iliyolingana, rangi yake mwenyewe. Anayeukimbilia weupe huenda akaipoteza ngozi aliyokusudia kuipendezesha.

Rangi na mng'aro hutoka wapi

Tabaka la juu la ngozi hujijenga upya wakati wote. Seli mpya huzaliwa chini, hupanda taratibu kuelekea juu, hukauka na hatimaye hupukutika. Kwa mtu mzima safari hiyo huchukua takriban wiki nne hadi sita, na huwa ndefu zaidi kadiri umri unavyosonga. Seli zilizokufa zikikaa juu kwa mpangilio mzuri na zikiwa na unyevu wa kutosha, mwanga huziangukia na kurudi kwa usawa, nasi huona uso unaong'aa. Zikikauka, zikirundikana au zikikwaruzwa, mwanga hutawanyika na uso huonekana wa kijivu, hasa kwa watu wenye ngozi nyeusi. Huo ndio upaukaji.

Rangi nayo hutengenezwa na seli maalumu zilizo chini ya tabaka hilo. Seli hizo huzalisha melanini na kuigawa kwa majirani zake. Moja huhudumia seli nyingine zipatazo 36. Mtu mweusi na mtu mweupe wana idadi inayokaribiana ya seli hizi. Tofauti ipo katika wingi, ukubwa na mtawanyiko wa chembe za melanini zinazozalishwa. Melanini ni mwavuli wa asili unaokinga kiini cha seli dhidi ya mionzi ya jua.

Seli hizi huwa nyepesi kuchokozeka, hasa katika ngozi nyeusi. Chunusi iliyotumbuliwa, wembe uliopita vibaya, sabuni kali au upele uliokunwa huzifanya zimwage rangi kupita kiasi mahali palipoumia. Doa linalobaki ni kumbukumbu ya jeraha. Ndiyo maana kulisugua au kulichubua doa ni kuliongezea chanzo chake: kila jeraha jipya huacha kumbukumbu nyingine.

Sababu zinazoonekana mara kwa mara

Ya kwanza ni jua. Katika nchi zilizo karibu na ikweta mionzi yake huwa mikali mwaka mzima, hasa kati ya saa nne asubuhi na saa kumi alasiri. Ngozi nyeusi haiungui upesi kama nyeupe, lakini madoa yake hukolezwa na jua, na si kwa mionzi isiyoonekana peke yake: hata mwanga wa kawaida unaoonekana huamsha rangi katika ngozi nyeusi. Dereva anayedhani kwamba kioo cha gari kinamkinga hukosea, kwa kuwa sehemu ya mionzi hupenya kioo.

Ya pili ni chunusi pamoja na mabaki yake. Wengi huja kulalamikia madoa ilhali chunusi zenyewe bado zinaendelea. Haifai kutibu doa na kuacha chunusi, maana kila wiki madoa mapya yatachukua nafasi ya yale yaliyofifia. Kwa wanaume, vipele vya ndevu vinavyotokana na nywele kujikunja na kuingia tena ndani ya ngozi huacha weusi kwenye kidevu na shingo.

Ya tatu ni melasma, yaani mabaka ya rangi ya kahawia yanayojitokeza kwenye mashavu, paji la uso na juu ya mdomo, kwa kawaida pande zote mbili. Huwapata zaidi wanawake, hasa wakati wa ujauzito au wanapotumia baadhi ya njia za uzazi wa mpango zenye homoni. Jua na joto huyazidisha. Mama lishe anayeinamia jiko la mkaa tangu alfajiri hupata vyote viwili: joto la moto na jua la barazani.

Ya nne ni matunzo yenyewe. Sabuni ya mche iliyotengenezwa kwa ajili ya nguo huondoa mafuta ya asili na kuvuruga hali ya asidi kidogo ambayo ngozi huihitaji. Dodoki gumu, skrabu ya sukari inayosuguliwa kila siku na dawa ya meno inayopakwa juu ya chunusi huumiza. Maji ya limau ni hatari zaidi: yakipakwa usoni kisha mtu akatoka juani, yanaweza kusababisha mchomo wenye malengelenge unaoacha weusi kwa miezi mingi. Mafuta mazito ya nywele yakitiririkia kwenye paji la uso huziba vinyweleo na kuleta vipele.

Ya mwisho ni maradhi ya ndani. Upungufu wa damu huufanya uso upauke. Tezi ya shingo inayofanya kazi chini ya kiwango huleta ngozi kavu, nzito na iliyopooza. Weusi mnene unaofanana na mahameli shingoni na kwapani, ambao wengi hudhani ni uchafu, unaweza kuwa dalili ya mwili kushindwa kuitumia insulini vizuri, hali inayotangulia kisukari. Mgonjwa wa namna hii anahitaji vipimo kabla ya krimu.

Kilichomo ndani ya mkorogo

Mkorogo hupendwa kwa sababu mwanzoni hufanya kazi. Katika wiki za awali uso hulainika, vipele hutulia na rangi hufunguka. Matokeo hayo ya haraka kwa kawaida hutokana na mojawapo ya vitu vitatu, au vyote kwa pamoja.

Cha kwanza ni steroidi kali, dawa ambayo daktari huitumia kwa muda mfupi kutibu magonjwa kama pumu ya ngozi. Ikipakwa usoni kwa miezi, ngozi hukonda, mishipa midogo ya damu huonekana kama nyuzi nyekundu, chunusi hufumuka na nywele huota mahali zisipotakiwa. Fangasi nao hujificha nyuma yake: mwasho hupungua huku ugonjwa ukitambaa. Ikipakwa karibu na macho huweza kuongeza presha ya jicho. Ikipakwa mwili mzima huingia kwenye damu, ikapandisha sukari na shinikizo la damu, na kuzilaza tezi zilizo juu ya figo, ambazo hutengeneza homoni za kuusaidia mwili kustahimili maradhi na upasuaji.

Cha pili ni haidrokwinoni. Hii ni dawa halali mikononi mwa daktari, kwa kiwango kinachojulikana na kwa miezi michache. Ikitumiwa kiholela kwa muda mrefu huleta kinyume cha kilichotafutwa: weusi wa samawati unaojikita ndani ya ngozi, mara nyingi mashavuni, na ambao ni vigumu sana kuuondoa. Madaktari wa Afrika Kusini waliueleza ugonjwa huu mwaka 1975 baada ya kuuona kwa watumiaji wa krimu zilizokuwa zikiuzwa kwa uhuru nchini humo. Mwenye kuupata aghalabu huongeza dozi ili kuuficha, na doa huzidi kuwa jeusi.

Cha tatu ni zebaki. Huzuia utengenezaji wa melanini, lakini hupenya ngozi na kujikusanya katika figo, na huweza kudhuru pia mishipa ya fahamu. Aidha, haimdhuru mpakaji peke yake. Hubaki kwenye taulo, foronya na mikono, ikawafikia watoto wa nyumba hiyo. Mkataba wa Minamata, ulioanza kutumika mwaka 2017, ulilenga kukomesha vipodozi vyenye zebaki inayozidi sehemu moja katika sehemu milioni. Mwaka 2023 nchi wanachama zilikubaliana kuondoa hata kiwango hicho, ili vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki vikome ifikapo 2025.

Tanzania imepiga marufuku vipodozi vyenye viambato hivi, na tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania. Hata hivyo, sheria haiwezi kusoma lebo kwa niaba ya mnunuzi. Maneno ya kuangalia kwenye paketi ni hydroquinone, mercury, mercurous chloride, calomel, clobetasol na betamethasone. Kopo lisiloorodhesha viambato vyake halistahili kufunguliwa.

Matunzo ya kila siku

Matunzo yanayofaa ni machache na hayahitaji fedha nyingi. Yanahitaji kurudiwa kila siku.

La kwanza ni kuosha uso kwa upole. Asubuhi na jioni hutosha, kwa sabuni laini isiyo na manukato makali, maji ya kawaida na vidole vya mikono. Uso ukaushwe kwa kugusagusa taulo safi, bila kuufuta kwa nguvu. Anayehisi ngozi imekaza baada ya kunawa anatumia sabuni kali kuliko anayoihitaji.

La pili ni unyevu. Kilainishi hupakwa ngozi ikiwa bado na majimaji ili kuyafungia ndani. Mwenye ngozi kavu anaweza kutumia mafuta ya mgando, ambayo ni ya bei nafuu na hayana madhara kwa wengi. Mwenye chunusi achague losheni nyepesi isiyoziba vinyweleo, na ajihadhari na mafuta ya nazi usoni hata kama yanamfaa mwilini. Kwa ngozi iliyopauka tu, hatua hizi mbili zikifuatwa kwa wiki nne hadi sita mara nyingi hurudisha mng'aro bila dawa yoyote.

La tatu, na ndilo linaloamua hatima ya madoa, ni kujikinga na jua. Losheni ya kukinga jua iwe na kipimo cha 30 au zaidi na izuie aina zote mbili za mionzi ya jua inayodhuru ngozi. Kiasi kinachotosha uso na shingo ni mistari miwili inayojaa urefu wa vidole viwili, na hurudiwa kila baada ya saa mbili kwa anayeshinda nje. Mwenye melasma anafaidika zaidi na losheni yenye rangi inayofanana na ngozi yake, kwa kuwa madini ya chuma yanayoipa rangi hiyo huzuia pia mwanga unaoonekana. Kwa asiyemudu losheni, kofia pana, mwavuli, mtandio na kivuli cha mti ni kinga ya kweli. Anayemudu losheni naye anavihitaji. Bila kinga hii, dawa ya madoa ni sawa na kudeki sakafu huku bomba linavuja.

Matunzo ya asili ya mwambao, kama liwa na singo, yana nafasi yake kwa anayeyapenda, maadamu mkono ni mwepesi, ngozi haina jeraha wala chunusi zilizovimba, na hakuna krimu isiyojulikana iliyochanganywa ndani yake. Yakiwasha, yaachwe.

Dawa zinapohitajika

Madoa yasiyofifia baada ya miezi miwili au mitatu ya matunzo mema yana dawa. Asidi ya azelaiki hutibu chunusi na madoa kwa pamoja, na huweza kutumiwa hata wakati wa ujauzito kwa ushauri wa daktari. Niasinamidi na vitamini C ya kupaka husaidia kwa upole. Retinoidi huharakisha upyaji wa ngozi. Huanzwa kidogo kidogo, usiku, mara mbili au tatu kwa wiki, kwa kuwa zikianzwa kwa pupa huchoma na kuacha madoa mapya. Mjamzito na anayepanga kushika mimba hazimfai. Haidrokwinoni huandikwa na daktari pale inapostahili, kwa muda uliowekwa na kwa ufuatiliaji.

Mgonjwa aelezwe mapema kuhusu muda. Doa la kahawia lililo juu huchukua miezi kadhaa kufifia. Lililozama, lenye rangi ya kijivu au samawati, huweza kuchukua mwaka au zaidi. Melasma hudhibitiwa, na jua likiachiwa nafasi hurudi. Asiyeambiwa haya mwanzoni huvunjika moyo wiki ya tatu, na wiki ya tatu ndiyo kopo la dukani linapoonekana kuwa na akili kuliko daktari.

Mwenendo wa maisha

Hakuna chakula kinachofuta doa, lakini ngozi hujengwa kwa kinacholiwa. Mchicha, matembele, maharage na dagaa huupa mwili madini ya chuma na protini. Mapera, mapapai na machungwa huupa vitamini C. Soda na vyakula vyenye sukari nyingi huweza kuzidisha chunusi kwa baadhi ya watu, na kuvipunguza hakuna hasara. Maji yanywewe kwa kadiri ya kiu, joto na kazi. Lita nyingi za ziada hazibadilishi uso wa mtu ambaye hakupungukiwa maji.

Sigara huzifinya mishipa midogo ya damu na kuifanya ngozi iwe ya kijivu na kukunjamana kabla ya wakati. Usingizi mfupi na msongo wa mawazo hujionyesha usoni, na humfanya mtu atumbue na kukuna bila kujitambua. Kwa wanaopika kwa kuni au mkaa, kuhamishia jiko mahali penye hewa na kusimama mbali kidogo na moto husaidia ngozi, na kwa mapafu husaidia zaidi.

Kwa aliyekwisha kuanza mkorogo

Krimu inayoshukiwa kuwa na zebaki iachwe mara moja, lakini kopo lisitupwe ovyo: lifungwe kwenye mfuko na kupelekwa kituoni, ili mtoa huduma alione na lishughulikiwe kwa usalama. Mashuka, foronya na taulo vibadilishwe.

Kwa steroidi jambo ni tofauti. Mtumiaji wa muda mrefu akiacha ghafla, uso huweza kuvimba, kuwa mwekundu, kuwaka moto na kufumuka vipele kwa wiki kadhaa. Wengi hudhani kwamba wanaumwa kwa kukosa mkorogo, wakaurudia, na hivyo hubaki watumwa wake kwa miaka. Daktari huweza kupunguza nguvu ya dawa hatua kwa hatua na kutibu vipele vinavyojitokeza. Aliyekuwa akijipaka mwili mzima, akipata uchovu mwingi, kizunguzungu au kutapika baada ya kuacha, aende hospitali siku hiyohiyo. Kadhalika mwenye kuvimba uso asubuhi, kuvimba miguu au kukojoa mkojo wenye povu.

Mazungumzo katika chumba cha huduma

Wengi wanaojichubua hawatajisema wenyewe, kwa kuwa wanajua watachekwa. Swali la "Unajichubua?" hujibiwa "Hapana". Swali la "Ni vitu gani unapaka usoni na mwilini, na unaweza kuja navyo?" hufungua mlango. Liulizwe kwa wanawake na wanaume, kwa mjamzito anayehudhuria kliniki, na kwa kila anayevimba mwili bila sababu ya wazi.

Palipo na jibu la ndiyo, vipimo vya awali vinapatikana hata katika kituo kidogo: shinikizo la damu, sukari, na kijiti cha mkojo kinachoonyesha protini. Mwenye protini kwenye mkojo, mwenye matatizo ya kuona, na mwenye weusi wa samawati unaoendelea wapewe rufaa. Madaktari bingwa wa ngozi bado ni wachache, lakini tangu mwaka 1992 kituo cha mafunzo cha kanda kilichopo KCMC, Moshi, kimekuwa kikiwaandaa wataalamu wa ngozi kwa ajili ya Tanzania na nchi nyingine nyingi za Afrika, nao wanafanya kazi katika hospitali mbalimbali.

Iliyobaki ni kazi ya mtoa huduma anayekutana na mgonjwa kwanza. Dakika tano za kumsikiliza mtu anayelalamikia uso wake, kumweleza sababu ya madoa yake, kumpa mpango wa miezi mitatu na tarehe ya kurudi, humpa mahali pengine pa kwenda kabla hajafika dukani.